Kuichakaza Spitfire: rangi ya mafuta au akriliki?

Modeli isiyo na doa ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, hainishawishi. Ndege za 1940 ziliruka zikiwa chafu. Ubishi wa wajenzi wa modeli hapa Nairobi ni mmoja: uchafu huo upakwe kwa rangi gani?

Kwa bei, mafuta yanashinda. Tyubu moja ya kahawia iliyokolea hukaa miaka, maana tone dogo tu huzimuliwa kwa tapentaini. Akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, hukugandia chupani kabla hujaimaliza.

Kwenye kazi yenyewe, mafuta yana raha yake. Gusa kiungo cha mabati kwa ncha ya brashi na rangi itakimbia yenyewe ndani ya mfereji. Ikizidi, unaifuta hata kesho yake. Moshi wa injini ya Merlin ubavuni nao hulainika vizuri. Lakini tanguliza vanishi, la sivyo tapentaini itakula plastiki. Akriliki haikupi muda huo, inakauka ukiitazama. Ila kwa rangi iliyobanduka, hasa shina la bawa la kushoto, upande wa mlango wa rubani, palipokwanguliwa na viatu hadi alumini ikatokeza, kipande cha sponji chenye akriliki ya fedha hakina mpinzani.

Unaishi bedsita, chumba kimoja tu, mtaani Pipeline na mtoto mchanga? Akriliki, tafadhali, tapentaini si harufu ya kulala nayo. Mwenye roshani na subira ya siku kadhaa achukue mafuta. Brashi za akriliki huoshwa papo hapo, kwa hiyo siku ya mgao wa maji jaza ndoo mapema.