Fundi laptopu wa Makoroboi, kazi safi ila foleni usiseme

Laptopu yangu ilizima tu ghafla, ukichomeka chaja taa ya chaja yenyewe inazimika, ukichomoa inawaka tena. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini Mwanza (simtaji), akakaa nayo siku tatu akaniambia bodi imekufa, leta laki 2 na 80 tutafute nyingine. Imekufaje? Eti "mambo ya IC hayo dada, huwezi kuelewa". Kwenye kikaratasi kaandika "tatizo la bodi" basi, yani uende hospitali uambiwe unaumwa mwili.

Jirani ndo akanielekeza kwa huyu wa Makoroboi. Anafungua mashine mbele yako, akaweka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, akagusa hapa akagusa pale, ikalia piiii. "Unasikia? Shoti hiyo, volti 19 za chaja zikiingia tu zinakimbilia chini, chaja inajizima kujilinda." Akapaka spiriti kwenye bodi, akaingiza umeme mdogo wa volti 1 hivi kutoka kwenye mashine yake, tukainama wote kuangalia. Kote kumelowa, ila sehemu moja ikakauka fasta kwa sababu inachemka, na hapo hapo kuna kapasita moja ndogo kama punje ya mtama. Kapasita ndo nini? Akanijibu, "simtanki la nyumbani si unalo, linatunza maji ili bomba likiyumba usione, sasa lako limetoboka, maji yote yanaenda chini." Jamani nimesoma fizikia mpaka fomu foo na kapasita nimeielewa kwenye stuli ya fundi!! Akapuliza hewa ya moto, akaing'oa, akabandika nyingine kutoka kwenye bodi mbovu, kubonyeza batani ikawaka. Elfu 35.

Kiswahili cha vitabuni usimpelekee lakini. Nilimwandikia "nywila" kwenye karatasi akauliza hicho ni kijiji cha wapi, nikamwambia pasiwedi bwana, tukacheka. Na pale pa kuchomekea chaja yeye anapaita sistimu ya chaji, usibishane nae.

Kasoro zipo. Stuli ni moja, wateja sita tumesimama juani, umeme ukikatika kazi imelala, na akishika pasi ya risasi (ile ya kuchomelea bodi) simu yako hapokei hata upige mara kumi. Kuangalia tu elfu 5, hairudi hata usipotengeneza, hiyo sijaipenda.

Risiti anaandika kwa mkono, mwandiko wa kuku, ila yangu imesomeka: "kapasita 1 laini ya volti 19, shoti, imebadilishwa, garantii mwezi 1". Nimeibandika chini ya laptopu kwa selotepu.

Ukienda wahi kabla ya saa nne asubuhi, mchana akitoka kwenda kula sato kurudi kwake ni saa kumi.