Zana za kuteua maandiko kwa pamoja kwenye Hive: tathmini kutoka Kigoma

Kikundi chetu kina watu wanne: wawili tuko Kigoma mjini, mmoja anafundisha Kasulu na mwingine anaishi Tabora. Kazi tuliyojipa ni kutafuta maandiko mazuri ya Kiswahili kwenye Hive, mtandao wa blokucheni (daftari la pamoja la kidijitali linaloandikwa kwa mafungu yaitwayo bloku) uliojitenga na mtandao mwingine wa aina hiyo, Steem, mwezi Machi 2020, na kuyapigia kura kwa akaunti moja ya pamoja ili waandishi wake wapate malipo yanayolingana na jasho lao. Ninaandika tathmini hii kwa sababu nimeona vikundi vingine vikianza pale pale tulipoanzia sisi, yaani kwa kutumiana ufunguo wa akaunti, ambao ni kama nywila yake, kwenye WhatsApp.

Kutumiana ufunguo ni kosa kubwa. Ni kweli kwamba ufunguo wa kuchapisha hauwezi kuhamisha fedha, lakini yeyote aliye nao anaweza kupiga kura na kuandika kwa jina la kikundi, na siku mmoja akiondoka inabidi ufunguo ubadilishwe na wote waliobaki wapewe mpya. Hive ina njia safi zaidi: akaunti ya kikundi inaziidhinisha akaunti za wanakikundi, na kila mtu anatia saini kwa ufunguo wake mwenyewe. Programu ya Keychain, inayofanya kazi kwenye kivinjari cha kompyuta na kwenye simu, inamwezesha aliyeidhinishwa kuiongeza akaunti ya kikundi bila kuuona ufunguo wake hata mara moja. Kwangu mimi hii ndiyo zana iliyotufanya kikundi. Nyingine zote ni nyongeza.

Thamani yake tuliiona mwenzetu wa Tabora alipoibiwa simu stendi. Alitupigia kwa simu ya kuazima, nami nikiwa nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, nikachukua ufunguo wa juu, ule unaoruhusu kubadilisha idhini, nikaliondoa jina lake kwenye orodha. Bloku za Hive hutoka kila baada ya sekunde 3, kwa hiyo alipokuwa bado anaeleza alivyoporwa, idhini ilikuwa imeshafutwa. Asubuhi sisi watatu tuliendelea kupiga kura kama kawaida, bila kupeana ufunguo mpya.

Kwa kusoma tunatumia PeakD kwenye kompyuta na Ecency kwenye simu, na zote mbili zinatutosha.

Kugawana nguvu ya kura, yaani akiba inayopungua kila akaunti inapopiga kura, ndiko kulikotusumbua zaidi. Kura moja kamili hutumia asilimia 2 ya nguvu iliyopo, na nguvu hiyo hurudi kwa asilimia 20 kila siku, maana yake akaunti inamudu kura kamili 10 hivi kwa siku. Mwanzoni aliyewahi kuamka alizimaliza zote kabla wengine hawajafungua simu. Sasa tunapiga kura za nusu, 20 kwa siku, tano kwa kila mtu. Hata hivyo bado tulikosea. Niliwahi kulipigia kura kamili andiko moja zuri mno kuhusu uanikaji wa dagaa pale Kibirizi, lililoeleza hata namna akina mama wanavyowahi kuwaanua dagaa mchangani na kwenye chanja mvua inaponyemelea. Jioni mwenzangu, asijue, akalipigia kura ya asilimia 30 tu ya kura kamili. Akaunti moja haina kura mbili kwa andiko moja: ya pili inachukua nafasi ya kwanza. Mwandishi yule akapunjwa na mikono yetu wenyewe, na tangu hapo kila kura huandikwa kwanza kwenye jedwali la pamoja.

Tulijaribu pia huduma moja inayopiga kura yenyewe kwa waandishi unaowaorodhesha, na siipendekezi. Usiku mmoja iliipa kura yetu makala ambayo mwandishi tuliyemwamini alikuwa ameinakili neno kwa neno. Kura tuliiondoa, lakini nguvu iliyotumika hairudi kwa kuondoa kura. Najua kinachowavuta watu: andiko hulipwa baada ya siku 7, na nusu ya malipo huwaendea wapiga kura, hivyo zamani kuwahi kulikuwa na faida. Lakini tangu mabadiliko ya Juni 2021, kura zote zinazopigwa ndani ya saa 24 za kwanza huhesabiwa sawa, kwa hiyo mtu ana muda wa kutosha wa kusoma andiko mpaka mwisho, kulitafuta kwingine mtandaoni, kisha ndipo apige kura. Kikundi kinachojiita cha wateuzi kisiposoma hakijateua kitu.

Pengo lililobaki ni moja. Kwenye ukurasa wa andiko huonekana jina la akaunti ya kikundi tu, si la mwanakikundi aliyepiga kura, na ndiyo maana bado tunategemea jedwali linalojazwa kwa mkono, ambalo mtu husahau kulijaza bando linapomwishia njiani. Watengenezaji wa zana hizi wangeweza kulionyesha jina hilo, kwa kuwa saini ya kila mmoja wetu tayari imo kwenye bloku.