Kisanduku cha pii-pii: miezi miwili nyumbani kwangu

Nilikinunua kwa fundi mmoja pale Darajani, hapa Unguja, elfu thelathini na tano pamoja na kufungiwa. Ni kisanduku cha plastiki cha kuwaonya watu wakitumia umeme mwingi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, na kina kikoleo kinachobana waya unaotoka kwenye mita kuingia ndani. Waya haukatwi wala mita haiguswi; kikoleo kinahisi sumaku ya umeme unaopita. Mkivuka wati 800 kinalia pii, pii. Mkivuka 2,000 hakinyamazi.

Ujanja wenyewe uko kwenye kitufe cha kukinyamazisha. Fundi kakiweka nje, barazani, chini ya mita. Yaani ukitaka kimya ujitande kanga, utoke, upite mbele ya wazee wanaocheza bao, ubonyeze, nacho kitanyamaza dakika tano tu. Baraza yetu ya Kikwajuni haikosi watu, basi mtaa mzima unajua saa tunayopiga pasi. Siku moja jirani ananambia, "Leo mna harusi? Nawasikia tangu asubuhi." Nikazima pasi kwa haya, na kanzu ya baba watoto ikaenda msikitini mkono mmoja umejikunja.

Mie nikakiita Wifi, kwa jinsi kinavyojitia katika mambo ya watu. Mume wangu akanuna siku mbili, na wageni wakawa wanatuomba pasiwedi. Ramadhani ndiyo usiseme: tukiwasha birika la daku, Wifi keshaamsha mtaa kabla ya wapiga ngoma.

Watu kimewabadilisha, hilo sikatai. Kijana wangu alikuwa akijaza birika la umeme mpaka juu kwa kikombe kimoja cha chai. Siku hizi anapima maji kwa kikombe. Mota ya maji inazimwa tangi likijaa, maji hayamwagiki tena kwa jirani.

Kilichonikera zaidi ya kelele ni hesabu. Uniti 50 za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zikitufikisha siku tisa. Baada ya mwezi mzima wa pii-pii, siku tisa na nusu. Watu saba tumeadhirika kwa nusu siku! Usiku mmoja nikazima kila kitu, feni na taa zote, nikabakisha friji, nikatoka na tochi ya simu kuitazama mita. Kile kitaa chekundu kinapepesa, kinapepesa, hakipumziki. Wifi kimya, maana friji halifiki hata robo ya wati 800. Nikarudi jikoni nikapitisha kiganja chini ya mlango wa friji: baridi inatoka kama upepo wa dirishani. Raba imechanika, na mashine inakesha kupoza jiko zima.

Kifaa hiki kinasikia kinachovuta kwa nguvu. Kinachovuta kwa muda mrefu hakikisikii. Birika la wati 2,000 kwa dakika tatu ni sehemu moja ya kumi ya uniti, na limepigiwa makelele mpaka barazani. Friji la wati 150 lisilopumzika linakula kama uniti tatu na nusu kwa siku, wala halijaambiwa kitu. Raba mpya elfu ishirini. Tangu hapo uniti 50 zinafika siku kumi na mbili.

Nimemrudia fundi, nikamwambia akifanye kihesabu uniti tangu alfajiri, kilie tukishapita kiwango chetu cha siku. Akacheka: "Dada, basi kitalia kila magharibi, na wewe utanirudishia." Huenda. Ila hicho ningekinunua kwa hamsini. Hiki cha sasa kinawafaa wenye vijana wakubwa ndani. Anayeishi peke yake ghorofani, bila baraza wala jirani wa kumsema, atakifunika mto siku ya pili.

Mama mkwe ndiye aliyekishinda. Yeye alikaa kiza pamoja nasi sote tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa bara ulipokatika, na pasi yake ya mkaa hajaitupa. Ijumaa iliyopita kaitoa chini ya kitanda, kakaa barazani palepale chini ya kitufe, anapuliza makaa, cheche zinaruka. Akanitazama.

"Na hii mtaitia king'ora?"