Diana 34 mezani: kukoki, kushika na kutunza bunduki ya upepo

Haya wadau, karibuni. Mezani leo hapa Moshi kuna Diana 34, bunduki ya upepo ya Kijerumani, ya springi, ile ya kukunja mtutu, kipenyo milimita 5.5. Kabla hatujaigusa, tazama mdomo wa mtutu umeelekea wapi: kwenye lile sanduku la mbao kule mwisho. Utabaki huko mpaka tumalize, hata pale bunduki ikiwa tupu. Ukiona picha imegeuka, ujue ni kamera iliyohama.

Neno "upepo" ndilo linaloponza watu. Mtu akilisikia anawaza kitu cha watoto, ndugu yake manati. Sasa piga hesabu: peleti, yaani kirisasi chake, ya gramu 0.93 ikitoka kwa mwendo wa mita 220 kwa sekunde inabeba nishati ya joule 22 na nusu. Ujerumani kwenyewe, bunduki ya upepo ambayo mtu mzima ananunua bila kibali haivuki joule 7.5, na inagongwa herufi F ndani ya pembetano. Uingereza mpaka wa raifo ya upepo ni joule 16 na kidogo. Juu ya hapo ni silaha ya kuombewa cheti. Hii ni ya nguvu kamili, kuna masoko inakouzwa hivyo, na inavuka mistari yote miwili. Bati la geji 30 usilitegemee kukukinga, na jicho ndiyo kabisa. Miongozo ya bunduki za namna hii huandika umbali wa hatari wa mita 350, 400, mingine 500 na zaidi. Kutoka ukipo, hesabu nyumba ngapi zimo ndani ya mita 400.

Kuhusu kibali: polisi kwanza, duka baadaye. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Pita kituoni, eleza aina, kipenyo na nguvu ya unachotaka kununua, pata jibu, ndipo ulipe. Muuzaji anayekwambia "hii ya upepo haina shida bosi" hatakuwepo siku ya kuulizwa. Na kuagiza mtandaoni kabla ya kibali ni kujitafutia kesi forodhani. Kuwinda pia kuna sheria yake, ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo hapa tunazungumzia shabaha za karatasi. Wale mnaouliza kuhusu kwelea kwelea kwenye mpunga wa Mabogini: risasi moja kwa ndege mmoja, kundi lina maelfu. Hiyo ni kazi bure.

Tuje kwenye chombo. Urefu karibu mita 1.2, uzito kama kilo tatu na nusu, na ukiweka darubini ya kulengea unaongezeka. Ni ya mtu mzima kweli. Kitako cha mbao kimekaa vizuri begani, triga ina hatua mbili: unavuta kwanza kwa wepesi, inagota, halafu unaongeza kidogo inaachia. Kwetu hilo ndilo jambo bora kuliko yote kwenye bunduki hii, kwa sababu unajua ni sekunde gani itafyatuka. Loki ya usalama iko nyuma kabisa ya silinda. Ukikoki, yaani ukibana springi tayari kwa kufyatua, inatoka yenyewe. Ikiwa nje, imefunga. Ukiisukuma ndani kwa dole gumba, imefunguka. Ni nzuri, ila loki ni kipande cha chuma tu. Kidole chako kukaa nje ya triga ndiyo loki ya kwanza.

Kukoki sasa. Usiruke hapa, maana vidole vingi huumia kwenye kukoki kuliko kwenye kulenga.

Mkono wa kulia ushike shingo ya kitako, kidole cha shahada kinyooke pembeni ya mbao. Kitako kiegemee kwenye paja. Kwa kiganja cha kushoto gonga mtutu kwa juu, karibu na mwisho wake. Unakunjika. Sogea karibu na kamera: kile kigololi kinachong'aa pale kwenye kiungo ndicho kilichokuwa kimeushikilia. Kikiwa na mchanga au kutu, mtutu haufungi sawasawa na kila risasi itaenda kwake. Sasa shika mtutu mwishoni, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele. Ukishika katikati unajinyima wenzo na mkono unateleza. Vuta chini kwa mwendo mmoja mpaka usikie "klak". Inadai mvuto wa kama kilo 15. Anayevuta kwa vipande vipande mara nyingi anaishia njiani, na springi iliyoishia njiani inarudisha mtutu juu kwa nguvu ile ile.

Mkono wa kushoto hauachii mtutu. Narudia: hauachii. Kitako kibane kwa kiwiko dhidi ya nyonga, mkono wa kulia ndio uchukue peleti. Kwa wakati huu springi imebanwa, mtutu uko wazi, na vidole vyako vimo kwenye mdomo wa silinda. Ndani kuna kizuizi kinachokataza triga kuachia mtutu ukiwa wazi, lakini vizuizi vinachakaa. Triga ikiachia, mtutu unaruka juu kama mtego wa panya, ila huu unakata kidole. Hata kama vidole havipo, mtutu unapinda kwa juu na mbao inapasuka pale kwenye panda. Yule wa dukani anayefyatua mtutu ukiwa wazi ili kukuonyesha springi ina nguvu, mshukuru na uondoke.

Peleti inaingia kichwa mbele, sketi (ule upande ulio wazi) nyuma. Isukume kwa dole gumba mpaka sketi ilingane na uso wa chuma. Ikibaki nje hata nusu milimita, inakatwa wakati wa kufunga, upepo unavuja pembeni, na utalaumu darubini. Peleti iliyobonyea sketi, weka kando. Na zile gololi za chuma, hapana, mtutu huu una mikato ndani nazo zinaikwangua.

Funga kwa mkono, taratibu, usikie klik ya kigololi. Usiurushe juu kama kwenye sinema.

Ukikoki halafu ukaghairi, fyatulia kwenye sanduku la shabaha, peleti ikiwa ndani. Kwa anayeanza ndiyo njia salama kuliko kujaribu kuishusha springi kwa mkono. Na usiiache imekokiwa wakati unakwenda kunywa chai: springi inachoka, na anayekuja nyuma yako hajui.

Usifyatue tupu. Peleti ndiyo inayozuia upepo kidogo ili pistoni, ile inayosukumwa na springi ndani ya silinda, ipate mto wa hewa wa kugotea. Bila peleti, pistoni inakwenda kugonga chuma kwa chuma. Sili inapasuka, springi inapinda. Watu wa Arusha, hili linawahusu zaidi. Mji wenu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Hewa nyembamba kwenye silinda, mto mwembamba. Kwa hiyo mwendo wa peleti unapungua na pistoni inagota kwa ukali zaidi. Takwimu za kwenye boksi msizifukuzie kwa peleti nyepesi sana, zinazidisha kugota. Moshi mjini tuko chini zaidi, tofauti ipo ila ni ndogo.

Na oili! Fundi wa pikipiki ataiona, atasema "hii imekauka, tia tone". Mzuie. Injini ya dizeli haina plagi, mafuta yanawaka kwa kubanwa tu. Silinda hii nayo inabana hewa mpaka inachemka, na oili ya kawaida ikiingia inawaka: mlio kama wa bunduki ya baruti, moshi mdomoni, sili inaungua. Bunduki mpya inaweza kutoa moshi kidogo kwa risasi za kwanza, hayo ni mafuta ya kiwandani. Ikiendelea baada ya risasi mia moja, kuna mtu ametia kitu. Oili ni ya kiungo cha mtutu, tone moja, na ya kupangusa chuma kwa nje.

Kushika. Hapa wapigaji wazuri wa bunduki za kawaida wanaaibika. Pistoni ikiruka mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigota, bunduki inasukumwa mbele. Mtikisiko huo unaanza peleti ikiwa bado ndani ya mtutu. Ukiibana kwa nguvu, kila mara unaibana tofauti, na kila risasi inatoka tofauti. Ishike kama kifaranga: kiganja cha kushoto wazi, mbao imelala juu yake karibu na kinga ya triga, vidole havifungi. Usiilaze juu ya meza au jiwe. Laza mkono wako kwenye mfuko wa mchanga, bunduki ilale kwenye mkono.

Mtikisiko huo wa pande mbili ndio unaoua darubini. Darubini iliyotengenezewa bunduki ya baruti inavumilia kusukumwa upande mmoja. Hapa utakuta nyuzi za ndani zimelegea. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya bunduki za upepo za springi, na kishikio chenye pini ya kuzuia kuteleza. Kwa mita 10 mpaka 25, vilengeo vya chuma vinatosha kabisa na havina cha kuharibika. Anza mita 10: piga tano, tazama kundi lilipo, sogeza kilengeo cha nyuma kuelekea upande unaotaka risasi ziende. Kundi likikaa, hamia 25. Bunduki mpya ipe risasi mia mbili tatu kabla ya kuihukumu.

Kundi likitawanyika ghafla, kabla ya kulaumu chochote chukua bisibisi na ufunguo wa alenki. Skrubu mbili za pembeni mbele na ile ya kinga ya triga hulegea kwa mtikisiko. Zikaze za kutosha tu, mbao isipondeke. Skrubu ziko sawa? Basi jaribu hili. Chana utepe wa tishu, kama sentimita mbili kwa tano, ulaze juu ya kiungo ambapo mtutu unakutana na silinda. Peleti ndani, lenga sanduku, fyatua. Umeona? Wa kwetu umetulia. Ukiruka, oringi ya kwenye uso wa mtutu imechoka. Ni kipande kidogo tu, ila kinakula mwendo wote.

Sanduku lenyewe: mbao za unene wa sentimita 2.5, ndani 30 kwa 30, mchanga mkavu uliochekechwa usio na kokoto, kina cha sentimita 15 au zaidi, mbele kipande cha zulia kuukuu. Zulia likitoboka sana mchanga unavuja, kwa hiyo badilisha mapema. Usipige tofali, jiwe, chupa, maji wala gogo gumu. Peleti inaruka na inaweza kukurudia. Miwani ya usalama ya polikaboneti kwa mpigaji na kwa kila anayetazama, na watazamaji wote wakae nyuma ya mpigaji.

Nyuma ya sanduku lazima kuwe na ukuta au kingo ya udongo. Migomba si ukuta. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, unakijua ni chako, lakini vijia vinavyopita ndani yake si vyako: mtoto anatoka kuchota maji, mzee anatoka kwenye mbege, na majani hayakuonyeshi mtu. Huoni kilicho nyuma, hupigi.

Wanaotaka zile za mtungi wa hewa, zinazojazwa bar 200: tamu sana, hazitikisiki. Lakini zijaze kwa pampu yake au hewa safi kavu tu. Pale Unga Limited, Arusha, kwa wachomeleaji kuna mitungi ya oksijeni, na kuna siku mtu atakushauri ujazie hapo. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi inalipuka, na bunduki iko shavuni.

Peleti ni madini ya risasi, sumu. Usizishike mdomoni, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na mchanga wa sanduku usiumwage kwenye mboga. Mtutu hauhitaji kusafishwa kila wiki. Kundi likianza kulegea, vuta kitambaa kwa uzi kutoka upande wa nyuma kwenda mdomoni.

Ukimaliza, kunja mtutu kidogo, chungulia, hakikisha mwanga unapita, funga. Pangusa chuma chote, maana jasho la mkono linaacha alama ya kutu ndani ya siku mbili masika yakiwa yamekolea. Na usiihifadhi ndani ya ule mfuko wa sponji inaobebewa, unanyonya unyevu kama dodoki. Kabati kavu lenye kufuli, peleti kwenye kabati jingine, funguo zisikae kwenye msumari nyuma ya mlango.