Mapezi Mawili Yalikuwa Wapi? Uzoefu Wangu na Fundi wa Injini ya Boti Mbeya Mjini

Nilisema nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, naandika hivyo hivyo.

Nina boti ya mbao Matema, Ziwa Nyasa, na mashine ya farasi 15, ya kuchanganya petroli na oili, ya siku nyingi. Jumamosi ndiyo siku yake kubwa: kuwavusha akina mama wa Ikombe na vyungu vyao kuja sokoni. Kule milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, na chungu ukikipitisha kwenye njia ya mawe hakifiki kizima. Mashine ikilala, mwenzangu aliyefinyanga na kuchoma wiki nzima hauzi kitu.

Miezi kadhaa nyuma ikaacha kutema maji. Wenye boti mnajua: ule mchirizi unaotoka ubavuni ndio unaokuambia maji ya ziwa yanapanda kupooza injini. Nikazima hapo hapo, nikachokoa tundu kwa mshipi mnene, maana nyigu hupenda kujenga udongo mle mashine ikikaa. Tundu lilikuwa safi. Nikaangalia chini kwenye mguu wa mashine, ule unaozama majini, pale maji yanapoingilia: hakuna nyasi, hakuna nailoni. Basi kilichobaki kiko ndani.

Nikaipakia mpaka Kyela, kisha Tukuyu, Uyole, hadi mjini Mbeya, kwenye duka linalouza spea na lina fundi wake. Jina la duka silitaji. Nikamweleza yule kijana yote niliyoyakagua. Hakuniacha nimalize. Akasema, mbele ya wateja, "Mama, injini siyo sufuria ya ubwabwa. Kaa pembeni."

Ubwabwa! Nimetoka Kyela kwenye mchele, ubwabwa siuonei haya. Lakini mashine hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu, nami ndiye ninayeijua ikikohoa. Kijana ni wa umri wa mwanangu wa pili, na shikamoo hakunipa.

Akaifunga kwenye stendi, akavuta kamba, ikawaka kavu, bila kuizamisha kwenye pipa la maji wala tone moja. Nikapiga kelele. Impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji kupanda, ni mpira, unazunguka ndani ya kikombe cha chuma, na kinachoulainisha ni maji yenyewe. Kavu unaungua upesi sana. Akasema ni sekunde chache tu. Kisha akashusha mguu, akatoa impela ya zamani, akaitupa sakafuni bila kuitazama mara mbili. Akafunga mpya. Akafungua na hedi, kile kifuniko cha silinda, akasema gasketi inayoziba hapo imeungua. Niliishika mkononi, sikuona palipoungua, ila kwa hilo sitaapa, gasketi huenda ina siri zake. Jumla shilingi 280,000. Kwenye pipa ikatoa mchirizi mwembamba kama uzi. "Inatosha," akasema.

Ile impela ya zamani niliiokota. Ni desturi yangu, spea iliyotolewa naondoka nayo.

Jumamosi iliyofuata tukatoka Ikombe na mzigo kamili, mwera umeanza kuvuma, mawimbi yanapanda. Nilipoongeza moto, uzi ule ukakatika kabisa. Nikagusa kifuniko, mkono ukaruka wenyewe. Nikazima. Tukapiga makasia na akina mama wale, mmoja ana mtoto mgongoni, hakuna aliyenilaumu hata kwa neno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Pale Matema yuko mzee mmoja wa mashine, hana duka, ana kisanduku cha spana. Kabla ya kushika kitu chochote akauliza, "Mama, ile impela iliyotolewa unayo?" Nikampa. Akaigeuza, akahesabu kwa kidole: nafasi za mapezi sita, mapezi yaliyopo manne. Akaniuliza, "Na haya mawili yako wapi?"

Swali hilo tu. Mpira haupotei hewani. Pezi likikatika, maji hulisukuma juu kwenye bomba, na huko linakwama. Ukifunga impela mpya bila kutafuta vipande, umempa mtu pampu nzuri na koo lililozibwa. Akashusha mguu, akamimina maji kwenye bomba kwa chupa, yakawa yanadondoka. Akapitisha waya wa breki ya baiskeli, akatoa kipande cha kwanza. Cha pili kilikuwa juu, karibu na themostati, kile kidude kinachoongoza joto la injini. Tukairudisha majini, kwenye kina, maana ukiwasha pwani inanyonya mchanga. Ilitema maji mpaka mjukuu wangu akapiga makofi. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mzee.

Sasa niseme haki. Impela waliyoniuzia ni nzuri, mpaka leo haijanisumbua, na Kyela niliitafuta sikuipata. Pengine hata mapezi yalishakatika kabla kijana hajaiwasha kavu, kwa sababu maji yalikuwa yameshakoma. Nilitaka kuandika kwamba duka si baya, ni fundi tu. Lakini nikikumbuka impela ile iko sakafuni, mapezi manne yanaonekana hata na mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nimesimama pembeni nilikoambiwa nisimame, nashindwa. Mwenye duka alikuwa kaunta, alisikia lile neno la ubwabwa, akaendelea kuhesabu noti.

Spea nitakwenda kununua kwao tena, sina njia nyingine. Mashine yangu hawaishiki. Na vile vipande viwili vya mpira nimevifunga kwenye pindo la kanga. Siku nikienda nitaviweka juu ya kaunta, mbele ya wateja, nimuulize kijana hesabu ya sita kutoa nne.