Ofisi ya mkoa ya chama chetu cha wafanyakazi, Mbeya: nyota tatu kati ya tano

Nyota zote tatu ni za dada wa dawati la madai. Mimi ni muuguzi, na kila mwezi hati yangu ya mshahara inaonyesha makato ya chama. Kwa hela hiyo nilitaka kitu kimoja: malimbikizo yangu. Nilipanda cheo, barua nikapewa, lakini mshahara mpya ulichelewa na tofauti ya miezi ya katikati ikabaki hewani. Kwa mwajiri jibu lilikuwa lilelile: subiri uhakiki.

Nikapanda kosta alfajiri, nikashuka Kabwe na baridi lake, nikaenda ofisini. "Karibu sista, kaa kwanza," akasema dada wa dawati. Akapanga barua zangu kwa tarehe, akakokotoa tofauti mwezi hadi mwezi, kisha akanionyesha kasoro: fomu ilijazwa kwa tarehe ya barua, si tarehe ambayo cheo kilianza kuhesabiwa. Akamwandikia mwajiri siku hiyohiyo, na akawa ananipigia simu yeye mwenyewe bila mimi kumkumbusha. Fedha imeingia. Ndaga fijo, yaani asante sana, dada yangu.

Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya viongozi. Kwenye mkutano wa wanachama kiongozi alisimama akatangaza kwamba wafanyakazi wote tuko na chama fulani cha siasa kwenye uchaguzi. Nani alituuliza? Wodini kwetu wapo wa kila chama na wasio na chama. Hata asiyejiunga anayekatwa ada ya uwakala analindwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makubaliano ya ada hiyo yakataze kuchangia chama cha siasa au mgombea.

Na mwanasiasa anayepokea tamko la namna ile asijidanganye kwamba amepokea kura. Mwaka 2010 TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutishia mgomo. Mwezi Mei Rais Kikwete akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo huo, na kama kura za wafanyakazi ni kwa sharti hilo, yuko tayari kuzikosa. Oktoba alishinda, ila kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 alishuka hadi sitini na kidogo. Huku kwetu jimbo la Mbeya Mjini lilikwenda kwa Sugu wa CHADEMA, chama cha upinzani, na Iringa Mjini kwa Mchungaji Msigwa wa chama hichohicho. Sisemi ni mishahara peke yake, vijana wa Mwanjelwa hapa mjini walikuwa na yao mengi. Lakini mtumishi mmoja aliyekasirika ana ndugu nyumbani wanaomsikiliza.

Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika Iringa 2018 na Mbeya 2019, tukaandamana kwa fulana mpya mbele ya Rais Magufuli na kurudi bila nyongeza. Mei 2025 kule Singida, mwaka wa uchaguzi, Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000. Hiyo ndiyo faida ambayo chama cha wafanyakazi kinaweza kukipa chama cha siasa: kukidai hadi kitoe kitu ambacho mtu anakiona kwenye hati yake ya mshahara. Chama cha wafanyakazi kinachopiga makofi tu kinamficha mgombea hasira zetu, na yeye atazikuta kwenye sanduku la kura wakati ameshachelewa. Anayekipenda chama chake cha siasa kwa dhati angetaka chama cha wafanyakazi kikali, chenye madawati mengi kama la yule dada.

Ukienda, beba nakala za barua ya ajira, barua ya kupanda cheo, na hati za mshahara za kabla na baada ya mabadiliko. Fika mapema, maana dawati la madai lina mtu mmoja na foleni ni ndefu.