Wamenitoza kwa gia ambazo hawakuzitoa: uzoefu wangu na gereji iliyoniandalia kitrekta cha Cub Cadet cha mashindano ya kuvuta

Naanza na risiti, maana ndiyo inayonichoma. Katikati yake, baina ya bei ya klachi na bei ya kuribori (kupanua) silinda, imeandikwa kwamba gia za kusawazisha, zile za kupunguza mtikisiko wa injini, zimetolewa. Saa za fundi zimehesabiwa, nimetozwa, nimelipa. Na gia hazikutolewa! Meno yake ninayo hapa kwenye kopo, nimeyaokota kwa mikono yangu ndani ya sampo, beseni la mafuta chini ya injini, yakiwa yamechanganyika na vipande vya bloku, yaani mwili wa injini.

Kwa asiyeujua mchezo huu: huku Ohio, Marekani, msimu wa maonyesho ya kaunti ukifika, watu huleta vitrekta vya bustani vya zamani, vile vya kukatia nyasi na kusukumia theluji, wakavifunga kwenye sledi, chombo kizito cha kukokotwa, na kuvivutisha. Juu ya sledi kuna sanduku la vyuma linalosogea mbele kadiri unavyokwenda, hivyo mzigo unazidi kukulalia hadi trekta ishindwe. Atakayefika mbali zaidi ndiye mshindi. Nilipouona mara ya kwanza nilijua nimepata kitu changu.

Nilichukua Cub Cadet 128 ya gia, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. International Harvester walianza kuviunda vitrekta hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na giaboksi ya nyuma waliitoa kwenye Farmall Cub, trekta ya shamba kabisa. Nguvu inakwenda nyuma kwa shafti, si kwa mkanda. Ndiyo maana wavutaji wengi wanavipenda. Injini yake ilikuwa imechoka, nikatafuta Kohler K321 ya nguvu farasi 14, nikapeleka vyote gereji moja ya mashambani inayosifiwa sana kwa kazi hizi. Jina silitaji. Wenyeji wa huku wataijua.

Kazi ya klachi waliyoifanya, lazima niseme, ni ya kupigiwa mfano. Klachi ya Cub Cadet imekaa katikati ya shafti, diski imebanwa na springi moja kubwa, na kila kitu kinashikiliwa na pini zilizopenya kwenye shafti. Pini hizo ndizo ugonjwa wake: zikilika, matundu yanapanuka, na ukiachia klachi kwa nguvu chini ya mzigo, shafti inazunguka peke yake na trekta imesimama. Wao walitengeneza shafti mpya ya chuma kigumu, wakatia pini zinazoingia kwa kubana na springi nzito zaidi. Fremu wakaichomelea mabamba kwa ndani. Flaiwili (gurudumu zito la injini) ya kasti, yaani chuma cha kumimina, ambayo ukiizungusha kupita kiasi inaweza kupasuka na kuua mtu, wakaitoa na kuweka ya feleji. Nilipoiona kwa mara ya kwanza baada ya kazi hiyo nilimpigia mama watoto simu ya video aione. Pesa niliyolipa ingenunua ng'ombe wawili wa gredi kule kwetu, na siku hiyo sikuijutia hata senti.

Sasa hizo gia. Injini ya silinda moja hutikisika sana, kwa hiyo K321 nyingi zilitoka kiwandani na gia mbili nzito zinazozungushwa na kranki, shafti kuu ya injini, ili kuupunguza mtikisiko. Kila moja imekaa kwenye kijiti kifupi kilichopigiliwa ndani ya bloku, juu ya beringi za sindano. Kwa kukata nyasi kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, kasi iliyopangwa na kiwanda, ni sawa. Kwa kuvuta, ambako injini inazungushwa mbali zaidi ya hapo, kila mzee wa mchezo huu atakuambia: zitoe. Kijiti kikikatika au beringi zikimalizika, gia inaachia ndani ya injini inayokimbia na haina pa kwenda ila kupitia ukutani. Niliwaambia kwa mdomo, nikawaandikia, wakaniitikia, wakaandika kwenye risiti yao wenyewe.

Siku ya mashindano, mwishoni mwa kiangazi, trekta iliondoka vizuri sana. Klachi ikashika bila kuteleza, magurudumu ya mbele yakainuka kidogo, vile inavyotakiwa. Sanduku lilipopita nusu ya sledi nikasikia mlio wa chuma kugonga chuma, harakaharaka, kisha kishindo. Nikazima. Ubavuni mwa bloku kulikuwa na tundu la kupitisha vidole vitatu, na mafuta yanamwagika kwenye udongo hadi mashindano yakasimamishwa ili vijana wakwangue njia. Kipande kimoja cha kasti kilikuwa kimejikita kwenye bamba la kinga upande walipokuwa wamekaa watazamaji. Watoto walikuwa pale. Bamba lile ndilo lililozuia.

Nilimpelekea mwenye gereji kopo na risiti. Hakuinuka kitini. Akachungulia kopo, akasema injini za kuvuta hupasuka, ndio mchezo. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa risiti. Akaniuliza kama nina hakika kwamba si mimi niliyezirudisha gia. Jamani! Bolti za sampo zilikuwa bado na alama ya rangi ya njano ambayo wao hutia wakishakaza, haijakatika hata moja. Nilizipiga picha kabla ya kufungua. Nikamwonyesha picha. Ndipo akaniuliza, mbele ya wateja wengine, kama huko kwetu kuna matrekta.

Mimi ni mtoto wa Uasin Gishu, Kenya. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, na mimi nimeshika usukani wa Massey Ferguson kabla mguu haujafika vizuri kwenye klachi. Nimefungua difu chini ya mti, na tochi mdomoni, msimu wa kulima ukiwa unatukimbia na wenye mashamba wamesimama wanangoja. Sikumwambia hayo. Nilichukua kopo langu nikatoka, na mpaka sasa naumia kwamba sikumwambia.

Ukweli ni kwamba kwenye tathmini hii nilikuwa nimeandika nyota moja, nikafuta. Nilipoifumua trekta nyumbani niliikagua klachi: pini hazijalegea, diski haijaungua, matundu ya shafti bado ni duara safi. Giaboksi nzima, fremu haijapinda hata kidogo. Kazi hiyo ilifanywa na mtu anayeijua na kuiheshimu, na si haki kumzika pamoja na aliyefunga injini. Nikaandika nyota tatu. Nikasema mtu mwenye Cub Cadet awapelekee klachi na fremu, injini aipeleke kwingine.

Halafu nikakumbuka lile bamba la kinga. Yeyote aliyefunga sampo ile aliziona gia kwa macho yake, maana haziwezi kufichika, akafunga, akatia rangi ya njano, na mwingine akaandika risiti. Gereji inayoandika kazi ambayo haikufanyika, nitajuaje kwamba chuma cha shafti ndicho walichosema? Hapana. Msiwapelekee chochote.

Na popote mtakapokwenda, ndugu zangu, dai gia za kusawazisha mkononi kabla ya kulipa, zote mbili, pamoja na picha ya ndani ya bloku kabla sampo halijarudishwa. Fundi wa kweli hatakasirika. Mzee jirani yangu, anayenijengea injini nyingine sasa, alinikabidhi zangu kwenye mfuko bila hata kuombwa, na akaniita nishike tochi wakati anazitoa.

Nimewaandikia kudai bei ya bloku na ya ile kazi ya gia. Bloku za K321 hazitengenezwi tena, na zuri la kuribori ni la kutafuta kwa tochi. Hawajajibu. Mpaka wanilipe, nyota ni moja.